Ningu Wamepanda

Mtu akiniuliza mto Simiyu unavuliwaje, mimi namuuliza kwanza: mwezi gani? Akishindwa kunijibu namwambia aende sokoni akanunue dagaa, asinichoshe. Huu ni mto, bwana, si ziwa. Ziwani maji yapo leo na kesho yapo, na mjinga yeyote mwenye wavu anakula. Mto wetu una tabia zake. Mwezi wa nne utakuua, mwezi wa tisa unaukata kwa baiskeli na hata kandambili hazilowi.

Marehemu mke wangu, Evalina, alizaliwa Kalemela, kando ya ziwa, na mto wangu hakuwahi kuuheshimu. Mimi mtu wa Mwamapalala nilikuwa namjibu, "Mbona samaki wake hawa ningu unawala mpaka unalamba vidole?" Tulitaniana hivyo miaka yote. Alifariki masika ya mwaka jana. Nalisema hilo kama ninavyosema pamba imeuzwa. Watu wanasema Novatus ana moyo mgumu, na waseme. Msibani sikulia, kaburini sikulia, hata waliponiletea kanga zake nichague za kugawa, nilichagua kama mtu anayechambua mbegu. Kuna mahali ndani yangu pameingia ganzi, basi.

Sasa sikia balaa. Binti yetu, Gloria, mtoto wetu wa pekee, anafundisha shule Bariadi mjini na anaolewa mwaka huu baada ya pamba. Mjomba wake ni Marcelo, kaka wa Evalina, na mimi nilishatamka mbele za watu kwamba Marcelo hatakanyaga tena uwanja wangu. Mwezi uliopita Gloria akanipigia simu. Hakupandisha sauti.

"Baba, mimi sitoki nyumbani bila mjomba kusimama. Kama kwako haingii, nitaolewa kutokea kwake Kalemela. Wewe utabaki na mto wako."

"Shauri yako," nikamwambia.

Nikakaa kwenye kigoda mpaka chai ikapoa. Nilijua nampoteza mwanangu. Nilijua vizuri kabisa, kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne, na sikuweza kuinuka nikafanya lolote. Kosa la Marcelo lilikuwa neno moja tu, lakini ili ulielewe lazima nikwambie kwanza habari za ningu.

Masika, mvua zikishika, ningu wanatoka ziwani na kupanda mto kwenda kutaga. Hapo hutumii ndoano, maana ningu akiwa safarini hali kitu. Unatumia mgono, lile dema la fito lenye mdomo mpana na koo jembamba, samaki akiingia hatoki. Unajenga uzio wa miti na matete kwenye maji mafupi, unaacha mapengo, kila pengo unaliwekea mgono, mdomo ukitazama kule maji yanakokwenda, kwa sababu ndiko samaki anakotokea. Vijana wa siku hizi wanaugeuza mdomo juu, halafu wanasema wamerogwa. Ah wapi! Wiki mbili baadaye, samaki wakimaliza kutaga na kurudi, hapo ndipo unaugeuza. Ningu wanapita kwa kundi, asubuhi moja au mbili, na ukiwakosa umewakosa. Nilizipenda asubuhi hizo kuliko sikukuu.

Masika yale ya mwaka jana Evalina alikuwa amelazwa hospitali Bariadi, ametolewa uvimbe tumboni. Nilimuuguza tangu siku ya kwanza. Alipoanza kunywa uji mwenyewe akanifukuza. "Nenda nyumbani, Novatus, unanizunguka kama inzi. Ng'ombe umemwachia nani?" Marcelo na mkewe walikuwa wamekuja kunipokea zamu, na daktari alisema kidonda kinakwenda vizuri. Nikarudi.

Asubuhi moja niko majini mpaka kiunoni, jirani yangu Deogratias yuko ng'ambo anapiga mayowe, uzio unatikisika wote kwa samaki. Simu ikalia. Huwa naiweka ndani ya kopo juu ya kichuguu, maana hapo ndipo mtandao unapatikana. Nikatoka mbio, mikono imejaa magamba. Alikuwa Marcelo.

"Mwangaluka, shemeji," akaniamkia.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Kwa asiyejua Kisukuma, mhola ni amani, ni kusema hatujambo kabisa. Na sisi Wasukuma ndivyo tulivyo, ukitusalimu hatukujibu kwa msiba. Nyumba iwe inaungua nyuma ya mtu, atakwambia kwanza mhola, ng'ombe mhola, watoto mhola, ndipo aseme, "ila kuna moto kidogo." Hilo nalijua tangu sijaota meno. Lakini siku ile moyo wangu ulikuwa na njaa ya neno hilo, ukalidaka ukakimbia nalo. Nikapiga kelele kwenye simu, "Kama ni mhola nitakupigia baadaye, ningu wamepanda!" Nikakata, nikarudi majini.

Nilivua mpaka jua la utosi. Nilipopiga simu, haikupokelewa. Alasiri katekista akaja na pikipiki hadi ukingoni. Nikamsalimu, naye akajibu mhola. Halafu akavua kofia akasema Evalina amefariki asubuhi ile.

Asubuhi ile! Nikakokotoa kichwani. Basi Marcelo alinipigia simu maiti ya dada yake iko mbele yake, akanijibu mhola kama mtu anayeuza mahindi. Nilimfuata msibani, mbele ya wakwe na padre.

"Uliniambia mhola au hukuniambia?"

"Nilikwambia, shemeji," akajibu. Angejitetea labda ningempiga, yangeisha. Alinyamaza tu. Ndipo nikamfukuza, na toka siku hiyo hatukuonana.

Baada ya hapo mwaka ulikwenda na mimi nikaenda nao. Masika yakiisha maji yanatulia, na hapo unavua kambare kwa ndoano. Chambo bora si minyoo, ni sabuni ya mche, kipande kidogo kama punje mbili za mahindi. Usinicheke. Kambare anapenda harufu ya sabuni kuliko bibi harusi. Nilikaa ukingoni na ndoano yangu, kambare wakala, nikawatoa, nikawapiga kichwani, nikaenda nyumbani. Nikapika. Nilikula kwa sababu ni saa ya kula.

Vuli, maji ya kwanza huyavui. Yanakuja na povu, magogo, pengine na ndama aliyekufa, na baba yangu alikuwa anasema maji hayo yanapita tu, hayajafika. Unasubiri ya pili. Vuli iliyopita niliingia kwenye maji ya kwanza. Sikuwa nataka kufa, usinielewe vibaya, sikuwa nataka chochote. Deogratias akanivuta kwa shati akanitukana matusi ya nguoni, mimi namtazama tu mdomo unavyokwenda. Masika ya mwaka huu ningu wakapanda tena. Nilitega migono sawasawa, ikajaa. Nikampika mmoja na nyanya, nikamtafuna, hakuwa na ladha yoyote. Waliobaki nikawagawa.

Sasa ni kiangazi. Mto umekatika, yamebaki madimbwi. Huu ndio uvuvi ambao Evalina alikubali kuufanya nami, maana hauwezekani kwa mtu mmoja. Mmoja anaingia na kuyavuruga maji kwa miguu na jembe mpaka yanakuwa uji, mwingine anangoja upande wa pili na tenga. Samaki wakikosa pumzi wanainua midomo juu, na mwenye tenga anawachota. Usiwe na haraka, na chunga vidole, kamongo akiwemo humo anauma kweli.

Juma lililopita nilikuwa dimbwini peke yangu. Navuruga huku, nakimbilia tenga kule, samaki wananipita kati ya miguu. Wachunga ng'ombe waliokuwa wananywesha ng'ambo walikuwa wananicheka, na haki yao. Nikasikia pikipiki. Nikageuka, nikamwona Marcelo ukingoni, kavaa suruali ya kanisani.

"Nilisema usikanyage kwangu," nikamwambia.

"Huku ni mtoni, si kwako."

Akakunja suruali mpaka magotini, akaingia kwenye tope, akalichukua tenga bila kuomba. Nikawaza nimtoe. Nikajiona sina hata nguvu ya kumchukia vizuri, nikaendelea kuvuruga. Tukafanya kazi. Mtu wa ziwani yule, lakini tenga analijua. Kambare watatu wakaingia, wanene.

Ndipo akasema, "Umeona kwamba leo sijakusalimu, shemeji?"

"Nimeona."

"Salamu ndiyo iliyotuponza. Leo naanza na habari yenyewe." Akaliweka tenga ukingoni. "Nilipokupigia, Evalina alikuwa hai."

Miguu yangu ikaacha kuvuruga.

"Alikuwa hai, amekaa kitandani, mke wangu anamlisha uji. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, 'Nipigie Novatus niongee naye.' Nikaweka spika, simu nikaishika karibu naye. Nikakusalimu kwa sababu simu inaanza na salamu, nikifikiri nimalize, nimpe. Na ile mhola ilikuwa kweli, shemeji. Asubuhi ile tulikuwa mhola. Ukasema ningu wamepanda, ukakata."

"Unadanganya."

"Nikudanganye ili nipate nini? Hakumaliza hata uji. Akasema kifua kinambana, manesi wakaja mbio, na hatukukaa sana, akakata roho. Katekista alikwambia amefariki asubuhi, ndiyo, ilikuwa asubuhi."

"Msibani nilikuuliza. Ukanyamaza."

"Ningekwambia siku ile kwamba mkeo alikuwa kwenye simu anangoja zamu yake, na wewe umekata? Ungejimaliza. Nilisema bora unichukie mimi, chuki ya shemeji haiui mtu. Lakini sasa inamchukua Gloria. Jana alikuja Kalemela, amelala chini kwa mke wangu analia kwamba baba yake amemkataa. Nimeshindwa, Novatus. Nimeshindwa kunyamaza."

Nilisimama pale. Nilitegemea kwamba maumivu yatakuja, na hayakuja. Maji ya tope yalikuwa yananiganda miguuni.

"Alisemaje nilipokata?" nikauliza.

"Nilitaka kupiga tena. Akanishika mkono, akasema, 'Mwache avue. Ningu hawamngoji mtu.' Akaanza kucheka. Alikuwa amekusikia, shemeji. Na Deogratias amemsikia huko nyuma akipiga mayowe, na maji. Alicheka mpaka akashika kidonda, mke wangu anamwambia acha, utakata nyuzi."

"Alicheka?"

"Sana."

"Alichekaje?"

Marcelo akanitazama kama haelewi. Halafu akaelewa. Mwanaume mzima, ndevu zina mvi, yuko kwenye tope na suruali ya kanisani, akacheka cheko la dada yake, lile linaloanzia puani, linapanda, linakwama, linaishia kwa kikohozi. Walizaliwa tumbo moja, sauti ilikuwa yake kabisa. Jamani, nilikuwa nimelisahau! Mwaka mzima na zaidi nilikuwa namuona uso, namuona mikono, namuona anavyofunga kanga, na hatoi sauti. Nikakaa palepale, maji yakanifika kifuani, nikalia. Nililia kwa kupiga kelele, Evalina, Evalina, mpaka wachunga ng'ombe wakaacha ng'ombe wakasimama. Iliuma kila mahali, na nilitaka iume.

Marcelo hakunigusa wala hakunibembeleza. Aliningoja. Nilipopata pumzi ya kusema, nikamwambia, "Kesho twende wote kwa Gloria. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu kwamba atatokea nyumbani, na wewe ndiye utakayesimama."

"Tutakwenda, shemeji."

"Lakini kwanza cheka tena."

"Novatus, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Cheka."

Akacheka tena, na safari hii machozi yalikuwa yanamtoka naye, cheko likamharibikia katikati. Nikamwambia hapana, hilo silo, rudia.