Tumbo la Mzee Mursal

Watu wawili ndio walioamua ni nani katika ile shule ya matabibu ataitwa daktari na nani atarudi kwao kulima pojo, na watu hao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Sista Nthenya alishikilia kwamba mwanafunzi hupimwa kwa mikono yake: mtazame anavyomgusa mgonjwa, utamjua. Mkufunzi mwenzake, Daktari Ndolo, alisema hayo ni mapenzi, si mtihani. Yeye alikuwa na kadi. Ukinawa mikono, maksi. Ukimwamkia mgonjwa, maksi. Ukiutaja ugonjwa wenyewe, maksi tano kwa mpigo. Walibishana hivyo mwaka baada ya mwaka, na bado siku Ndolo asipokuja kazini Nthenya hakuwa akila vizuri mchana.

Mwaka ule wa themanini na tatu mgonjwa wa mtihani alikuwa Mzee Mursal, mfanyabiashara wa mbuzi pale Mwingi. Mwaka uliotangulia alikuwa amelazwa na ugonjwa unaoletwa na usubi wa vichuguuni, ule unaovimbisha bandama. Bandama lake lilitoka chini ya mbavu za kushoto likashuka mpaka kitovuni, na wakufunzi wakalifanya mtihani. Mzee akamaliza sindano zake akarudi kwa mbuzi, wala hakuonekana tena kliniki. Ndolo alisema bandama la ukubwa ule haliwezi kunywea kwa mwaka mmoja, na mara hiyo moja Nthenya hakubisha. Wakamwita.

Asubuhi hiyo wanafunzi waliingia mmoja mmoja nyuma ya pazia. Wote walikuwa wameshasikia bwenini kwamba Mzee Mursal ni bandama. Na kama kuna aliyesitasita, mzee mwenyewe alimnong'oneza, "Iko hapo, kijana yangu. Imefika kitovu." Mwanafunzi akasema liko, Ndolo akatia alama, Nthenya akatabasamu. Alidhani mzee anawatuliza watoto tu. Hakuona kwamba kila "liko" ilipotamkwa, mzee alifumba macho kwa nguvu.

Wa mwisho alikuwa Kavata wa Kasikeu. Huyu alikuwa ameshaanguka mtihani huo mara moja kwa kutetemeka mbele ya Ndolo, na kanuni ya shule haikuwa na huruma: ukianguka mara ya pili, funga virago. Nthenya alimpenda msichana huyu, ingawa ungemwapisha kwa Biblia angekana. Jioni kadhaa alijilaza kitandani pale darasani akamwachia tumbo lake mwenyewe afanyie mazoezi, akijiambia ni kazi tu.

Kavata alinawa. Akasugua viganja vipate joto. "Habari ya asubuhi, baba. Naomba nikuguse tumbo. Ukisikia uchungu, uniambie."

"Guza, binti."

Alianzia chini upande wa kulia, kama alivyofundishwa, akipanda polepole kuelekea mbavu za kushoto. "Vuta pumzi, baba." Mkono ulifika mbavuni ukasimama. Mzee akanong'ona, "Iko hapo. Sema iko."

Kavata alimgeuza ubavu, akaanza upya, na safari hii mikono haikutetemeka hata kidogo. Nthenya alijua anachotafuta na alitaka akipate kuliko alivyowahi kutaka kitu mwaka ule. "Jaribu tena," akasema, jambo ambalo kadi ya Ndolo haikuruhusu.

Kavata akajaribu tena. Kisha akasimama wima. "Sista, bandama siipati. Haiko."

"Una hakika?" Ndolo akauliza.

"Ndiyo, Daktari."

Ndolo akachora sifuri. Hakuifurahia, maana hakuwa mtu mbaya. Kavata akamshukuru mgonjwa, akatoka nje. Nthenya akamkasirikia msichana, akamkasirikia Ndolo na kadi yake, kisha kwa hasira hiyohiyo akaenda kitandani aliguse mwenyewe lile bandama ambalo lingempeleka Kavata Kasikeu.

Akapapasa. Akamwambia mzee avute pumzi, akapapasa tena.

"Ndolo," akasema. "Njoo."

Ndolo akaja na mikono yake mikavu ya miaka mingi. Aliukawiza mkono wake pale chini ya mbavu, halafu akautazama kama umemsaliti. "Lakini wote wamesema liko."

"Na sisi tumewapa maksi. Wewe kwa kadi yako, na mimi kwa macho yangu haya. Nilikuwa naangalia mikono yao wakati yangu iko mfukoni." Ilimuuma kulisema, lakini akalisema. "Watarudia wote, kwa mgonjwa mwingine. Na tutampima sisi kwanza."

Ndolo akaichukua kadi ya Kavata, akaikata ile sifuri, akaandika tano. Nthenya akamgeukia Mzee Mursal. "Mzee, kwa nini ulikuwa unawaambia iko?"

"Si nyinyi mmeniita?" mzee akasema. "Mtu mzima haitwi bure hospitali. Nikajua bado iko ndani, inanikula. Ndio sababu kliniki sikurudi, niliogopa kuambiwa. Leo huyu wa kwanza akasema iko, na wa pili, wote, nikajua nimekwisha. Lakini mwaka jana mvulana mmoja alikosa akalia hapo nje. Nikasema, hata kama ni kufa nakufa, hakuna mtoto atafeli kwa tumbo yangu."

Nthenya alitoka akamkuta Kavata kwenye tangi la maji akinawa uso, akamshika mkono bila kumweleza lolote, akamrudisha nyuma ya pazia.

"Mwambie mgonjwa wako ulichopata," akasema. "Mimi na Daktari hatustahili kumwambia."

Kavata aliwatazama wote wawili. Ndolo akamwinamishia kichwa. Ndipo msichana akainama kitandani, akaanza kumfunga mzee vifungo vya shati.

"Bandama haiko, baba. Umepona."

Mzee Mursal akaushika mkono wa Kavata, akaurudisha tumboni.

"Angalia tena, binti," akasema. "Halafu useme tena."