Ushuru wa Vichanja

Mwenyekiti wa kijiji, Bartholomayo, aliposema mkutanoni kwamba kila mwenye kichanja cha kuanikia usipa, dagaa wa ziwani, atalipa ushuru mpya wa kujengea choo cha shule, Emerensiana alishtuka. Usipa ndio uliowalisha wanawe tangu baba yao afariki. Akitozwa, basi tena.

Alisimama. “Shikamoo, Mwenyekiti. Kichanja cha mwisho kule ufukweni ni cha nani?”

“Marahaba. Si ndicho unachoanikia wewe?”

“Hiyo ni leo. Jana alianika Glorious. Kesho ni cha atakayewahi.”

Kinamama waliangua kicheko. Vichanja walivijenga wote pamoja, na siku zote anayewahi asubuhi ndiye anayeanika.

“Hata mkeo huwahi!” alidakia jirani yake, Glorious. “Mtoze yeye kwanza!”

Bartholomayo alijikuna kidevu. “Sasa choo cha shule tutakijengaje?”

“Tozeni magari yanayobeba magunia ya usipa. Yale yana wenyewe.”

Ismail, mnunuzi kutoka Mbinga, aliguna. “Mama, umenichongea! Haya, nitalipa, ila barabara mzibe mashimo.”

Mikono ikanyooshwa kukubali. Emerensiana aliketi, akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akahisi njaa.