Kiegemeo cha Chiriku

Chiriku alikuwa na mgongo uliopinda na mdomo usiojua likizo. Kila alipoletwa karakana kwa mjomba wake, fundi wa viti vya magurudumu, alianza: "Mjomba, tumbo lako limefika mlangoni kabla yako!" Lakini siku hizi maneno yalimkatikia njiani. Mgongo ulikuwa unambana kifua. Daktari alisema akipata kiegemeo cha mgongo cha alumini kilichofuata umbo lake, kikamweka wima, huenda pumzi ikarudi.

Mjomba akalivalia njuga. Alumini ya viti huchanganywa na madini mengine kidogo. Ukiipasha moto mkali, madini hayo huenea ndani yake kama chumvi kwenye mchuzi. Ukiizamisha ghafla majini, huwa laini, unaikunja utakavyo. Kisha hurudi kwenye tanuri la moto wa wastani, saa kadhaa, madini yajitenge polepole kuwa chembe ndogo mno zilizotapakaa kila mahali. Chembe hizo ndizo huikaza. Mafundi husema imekomaa.

Kiegemeo cha kwanza alikiharibu kwa mapenzi. Vya wateja aliviopoa kwa wakati. Cha mpwa wake akaona akiongezee moto, kiwe kigumu kuliko vyote. Fundi mzima, na akili zake timamu! Alijua fika kwamba ikipitiliza, chembe huungana zikawa kubwa na chache, nayo alumini hulegea tena. Alipokikandamiza kwa kiganja, kikapinda. Ikabidi aagize bamba jingine, aanze upya, na siku zikayoyoma.

Cha pili kilikuwa tanurini asubuhi dada yake, mama Chiriku, alipoingia peke yake, viatu miguuni havilingani.

"Kaka," alisema, "Chiriku ametutoka."

Fundi aligeuka. Akanyoosha mkono azime tanuri, dada akamshika.

"Ukizima sasa si kitabaki laini?"

"Kitabaki laini. Lakini cha nani tena, dada?"

"Cha mwanangu. Mmalizie chake."

Wakakaa kwenye benchi, joto likiwapiga magotini. Fundi hakuweza kulimeza zaidi.

"Kile cha kwanza nilikiharibu mimi. Nilizidisha moto. Kingekuwa tayari zamani."

"Najua. Si Chiriku alikuwepo kilipopinda? Alicheka njia nzima kurudi nyumbani. Eti mjomba hata bati anaunguza kama wali."

Fundi akalia kwa sauti, kamasi zikimtoka, wala hakuona haya.

Muda ulipotimia alikitoa, kikapoa. Dada alikisimamisha ukutani, akakaa sakafuni, akakiegemea. Kilimchoma mbavu, maana hakikuwa cha mgongo wake. Akajisukuma nyuma kwa uzito wake wote, akiuma meno, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Hakikuyumba hata kidogo.

"Kingembeba," alisema.

"Kingembeba, dada."