Tochi Aliyoichagua Joël

Siku Josias alipouawa, kaka yake Joël alikuwa Ubelgiji, dukani Chaussée d'Ixelles, akijaribu viatu. Pétronille, mke wa Josias, alimpigia simu kutoka Katanga. Doria ya usiku, majangili, risasi moja. "Walimupiga kwenye mwanga wa tochi yake," akasema. Joël akarudisha kiatu kwenye rafu, akatoka nje, asijue pa kuelekea.

Josias alikuwa mlinzi wa wanyama. Mwezi mmoja kabla, aliomba vitu viwili vya kufanyia kazi na bastola gizani: vilengeo vyenye nukta zinazong'aa, na tochi ndogo. Joël akaenda kwa Raoul, mzee wa Kibelgiji aliyekulia Lubumbashi, mwenye duka la vifaa vya kulengea shabaha. Vilengeo, Raoul alisema, haviendi Kongo bila kibali. Tochi zinakwenda. Akaweka mbili mezani.

"Hii ndogo inawaka wakati kidole kinafinya tu. Unaona ni nani, unaachia, unahama. Hii kubwa ukibonyeza inabaki kuwaka."

"Ndogo inafanana na kalamu, papa Raoul. Watasema miaka yote Ulaya nilikuwa naosha sahani."

"Donc unanunulia ndugu yako, ao majirani?"

Joël akacheka, akachukua kubwa. Kifurushi cha Ulaya hufunguliwa mbele ya watu, na kitu kinachoenea kiganjani humtia aliyekituma aibu. Josias alipokipokea alimwandikia kaka yake: "Yaya, ni kubwa, lakini nitaizoea. Aksanti."

Matanga yalifanyika nyumbani kwa Joël, mtaa wa Saint-Josse. Sebule ilijaa hadi watu wakakaa kitandani. Tonton Polycarpe, mjomba wao aliyerudi juzi kutoka Likasi, kulekule Katanga, akampigapiga begani.

"Wewe ulimufanyia muzuri. Ile tochi yako, bon, hata ng'ambo ya muto waliijua. Walisema huyu iko na ndugu Poto, kule Ulaya."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Joël alitaka kusema habari ya ile ndogo aliyoiacha dukani. Akasema tu, "Aksanti, tonton."

Baada ya mazishi alimpigia Burhani, mwana wa dada yake, aliyepewa nafasi ya Josias pamoja na vifaa vyake.

"Nimekutumia tochi ingine, ndogo. Ile usiitumie."

"Mbona, tonton? Hakuna yenye nguvu kama ile hapa kambini."

Joël alimsikia mkewe Mwadi akipanga vikombe jikoni. Neno moja la kweli lingetosha kumzuia Burhani, lakini Mwadi angelisikia, na jioni hiyohiyo lingemfikia Pétronille.

"Ni nzito," akasema.

"Nzito? Miye si mzee kama wewe."

Burhani akacheka, wakaagana.

Kifurushi huchukua wiki mbili kufika Lubumbashi. Burhani anaanza doria Jumatatu, na tochi aliyo nayo ni ile kubwa.