Jeti Ndogo

Tangu shemeji yake aanguke, fundi hakugusa tena pikipiki ya mashindano. Alitengeneza za kubebea abiria na za kubebea mizigo, akakaza minyororo, akaziba pancha, akabadilisha breki. Lakini ikija ile nyembamba ya matopeni, yenye tairi za meno, alisema amezidiwa na kazi, na mwenye nayo akageuza akaondoka.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Shemeji huyo, mdogo wake mke wa fundi, alikuwa mrefu kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita Twiga. Pikipiki yake ilikuwa ya tu-stroki, ile ambayo oili yake huchanganywa na petroli humo humo kwenye tangi. Siku moja kabla ya mbio alilalamika kwamba inafuka moshi na inapanda mlima kwa uvivu. Fundi akafungua kabureta, akatoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, akaweka nyingine yenye tundu dogo zaidi. Moshi ukapungua, mlio ukawa mkali. Twiga akaondoka akichekelea. Kesho yake, mbio zikiwa zimepamba moto, pistoni ilikwama ndani ya silinda katikati ya mteremko. Gurudumu la nyuma likajifunga, Twiga akarushwa kama gunia. Akavunjika mtulinga.

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua, maana zinasafiri pamoja. Pistoni inapata joto, inavimba, inang'ang'ania. Na nani aliipunguza? Ni yeye, kwa mkono wake. Alikwenda kumwona mgonjwa, akakaa ukingoni mwa kitanda, wakazungumza habari za mvua. Twiga hakumlaumu. Hakuitaja pikipiki hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma fundi. Mtu akikutukana, unajua mmefika wapi. Akinyamaza, kazi ya kukutukana unabaki nayo mwenyewe.

Basi asubuhi moja ya Jumamosi Twiga akaingia uani akiikokota pikipiki ile. Mfupa ulikuwa umeunga. Silinda ilikuwa imechongwa upya mahali pengine, pistoni na ringi mpya, na sehemu nyingine zote alizirudisha yeye mwenyewe kama zilivyokuwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Bega linasemaje?"

"Bega zima. Huyu ndiye mgonjwa." Akalipigapiga tangi. "Inawaka, lakini haijatulia. Nataka uniwekee sawa. Kesho nakwenda kujaribu uwanjani."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, kisha akaifuta tena. "Tafuta mtu mwingine, Twiga. Mimi siku hizi nazitengeneza hizi za kawaida."

"Mtu mwingine yupi?"

Kabla fundi hajajibu, cherehani iliyokuwa ikinguruma ndani ikanyamaza. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na dirisha la chumba chake cha kushonea lilitazama uani, hivyo hapakuwa na neno la uani asilolisikia. Akatokea mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mume wangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo najua. Lakini ung'ongo si nyoka. Huyu mdogo wangu akiamua kupanda, atapanda. Ukikataa wewe, atatengenezewa na asiyejua. Bora apande iliyopita mikononi mwako."

Twiga akatazama chini, akitabasamu kwa pembeni. Fundi akaguna. Akavuta kibao chake cha kukalia.

Alianza mbali, kama mtu anayekwepa kuingia sebuleni. Akamwaga petroli yote, akachanganya mpya kwa oili aliyoipima mwenyewe. Akasafisha chujio cha hewa, akaweka plagi mpya. Alipofika kwenye kabureta, akakuta jeti ni ile ile ndogo. Akaitoa, akaweka kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

"Hiyo si itaizamisha kwa petroli?" Twiga akauliza.

"Acha ikohoe. Afadhali ikohoe kuliko ikwame."

Ikapigwa kiki. Ikakohoa kweli. Moshi wa bluu ukajaa uani mpaka mke wa fundi akakimbilia kuanua gauni la mteja lililokuwa kwenye kamba. Twiga alipopiga resi, injini ilibwabwaja kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Fundi hakujali, alikuwa tayari kuiacha hivyo hivyo. Lakini Twiga alipoachia, mngurumo haukushuka. Ulibaki juu, ukaning'inia huko, ukashuka polepole kwa kusitasita.

"Hivyo ndivyo inavyonifanyia," Twiga akasema. "Nikiachia, haitaki kutulia."

Fundi akainua kichwa. "Rudia."

Akarudia. Mngurumo ukaning'inia tena.

Injini inayoning'inia namna ile inavuta hewa nyingi mno kwa petroli inayopata, hilo kila fundi anajua. Lakini kwa jeti kubwa kama ile, petroli ilikuwa inafurika. Hewa hiyo ya ziada haikuwa inapita kwenye kabureta, basi. Ilikuwa inaingia mahali pengine. Fundi akakichukua kikopo chake cha spreyi ya kusafishia kabureta, akakitikisa. Kitupu.

"Mke wangu, niletee ile chupa yako ya pasi."

"Ya kunyunyizia? Uitie grisi?"

"Nitakuoshea."

"Ulisema hivyo hivyo kwa beseni langu," mkewe akasema, lakini akaileta.

Twiga akaiacha injini ikinguruma. Fundi akapiga magoti, akanyunyiza maji kwenye gasketi ya silinda, maana panapovuja hewa maji yangevutwa ndani na injini ingeshtuka. Hakuna kilichobadilika. Akanyunyiza upande wa mfuniko wa injini. Hakuna. Akanyunyiza kwenye mpira mfupi unaounganisha kabureta na silinda, upande wa chini ambako jicho halifiki, na injini ikajikwaa. Akanyunyiza tena. Ikajikwaa tena.

"Zima," akasema.

Aliufungua ule mpira akaupeleka kwenye mwanga. Kwa kuutazama tu, ulikuwa mzima. Alipoukunja kidogo, chini kabisa, karibu na mahali ulipobanwa na kibanio, ukafumbuka ufa wa urefu wa ukucha. Fundi akanyoosha mkono bila kugeuka, na mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akachomoa pini kwenye kola yake akampa. Fundi akachokoa ndani ya ufa. Hakikutoka kitu laini. Lilitoka gamba jeusi, gumu, vumbi la uwanjani lililochanganyika na oili likaiva kwa joto la injini, safu juu ya safu.

"Hii ya lini?" Twiga akauliza.

Fundi akaligeuza gamba kiganjani. Tangu ajali, injini ile ilikuwa haijawaka zaidi ya dakika chache. Gamba la namna ile halijengeki kwa dakika chache, wala kwa siku moja ya mbio. Ufa ulikuwepo kabla hajashika jeti. Ulikuwa ukiingiza kidogo kidogo hewa isiyo na petroli wala oili, na kila Twiga alipoachia resi kwenye mteremko ulivuta zaidi, mpaka siku ile.

"Ya zamani," akasema. "Ya zamani sana. Mpira ulizeeka, basi." Akaketi chini, kwenye saruji yenye mafuta, si kwenye kibao. "Miezi yote hii nimejua ni ile jeti. Nimejua ni mimi niliyekuangusha."

Twiga akamtazama kama mtu aliyeambiwa habari ya nchi nyingine. "Jeti? Shemeji, mimi nilijua ni mimi. Nilishuka mlima mzima nimeachia resi, gia ya chini, injini inalia huku haipati oili. Uliniambia mara ngapi nisifanye hivyo? Nikasema nikikutajia pikipiki utanikumbusha, na utakuwa na haki. Ndiyo maana nikawa naongea habari za mvua."

"Mvua," mke wa fundi akasema. "Na mimi nikiwapikia chai, nasikiliza mvua." Akawatazama mmoja mmoja, kisha akacheka mpaka akashika ukuta, nao wakamfuata. Fundi alicheka kwa kuchelewa, lakini alipoanza alishindwa kuacha, na alipojifuta macho alijipaka grisi shavu zima.

Mpira mpya ulipatikana kwenye duka la vipuri la mtaa wa pili. Wakaufunga. Kisha fundi akatoa ile jeti kubwa, akakaa na mbili kiganjani, akazigeuza. Akarudisha ile ndogo, maana kumbe ndiyo saizi iliyoifaa siku zote.

Kiki moja. Resi ikapanda safi, na Twiga alipoachia ikashuka papo hapo, ikatulia, tita-tita-tita. Akaenda nayo hadi mwisho wa barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, akarudi kwa kasi, akazima ghafla. Fundi akafungua plagi ikiwa bado ya moto. Ncha yake ilikuwa ya rangi ya kahawa ya maziwa, si nyeupe, si nyeusi. Akampa mkewe aione, ingawa yeye hakuomba.

"Ni nzuri?"

"Nzuri."

"Basi kanawe uso."

Hakwenda. Ilibaki springi ya nyuma, na hiyo haiwekwi bila mpandaji. Twiga akavaa buti, kinga za magoti na kofia yake ngumu, akaikalia pikipiki huku kidole kimoja kikiegemea ukuta. Mke wa fundi akavua futi yake shingoni, akapima kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye madigadi, akasoma.

Fundi akakunja uso. "Imeshuka kuliko zamani. Springi haijachoka, ni uzito wako."

"Ni mama," Twiga akasema ndani ya kofia. "Alinilisha kitandani kama ndama."

"Basi tunakaza." Fundi akachukua nyundo na patasi, akagonga pete ya springi mzunguko mmoja, na mwingine. "Kesho mnaanza saa ngapi?"

"Asubuhi. Utakuja?"

"Nitakuja. Simama, kisha ukae tena. Na usiegemee sana ukuta, unanidanganya kipimo."