Kila Mafuta na Kostiki Yake

Wewe unayetaka kupika sabuni nyumbani kwako, soma haya kwanza ndipo ushike ndoo.

Palikuwa na mama mmoja, fundi wa sabuni ya nazi, na binti yake. Majirani walimwita Mama Tahadhari, maana alihofia kila kitu: mvua, baiskeli, hata paka akilala chali. Binti alikuwa kinyume chake, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Sabuni yao haikuwa na rangi wala manukato ya kununua, na bei yake hata kibarua aliimudu. Lakini waliiuzia barazani. Walichokililia miaka mitatu ni rafu katika duka la bidhaa za hapahapa nyumbani, lile linalouza asali, unga wa lishe, siagi ya karanga na sabuni za maboksi. Mwishowe mwenye duka akakubali.

"Leteni vipande sitini. Wateja wakivipenda, rafu ya mbele ni yenu."

Binti akapika peke yake. Sabuni ikakaa wiki nne kukauka, akaipeleka asubuhi na mapema. Aliporudi anaimba, alimkuta mama yake ameshika dumu tupu la mafuta ya ufuta.

"Haya yamekwenda wapi?"

"Kwenye sabuni, mama. Nusu nazi, nusu ufuta. Nilitaka iwe laini, mwenye duka akiigusa tu achoke mwenyewe."

"Na kostiki?"

"Kipimo chetu kilekile cha nazi."

Mama akakaa chini palepale, penye maji. Usiyejua, elewa hapa: kostiki ndiyo ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Mafuta huila mpaka ikaisha. Sasa, nazi ina tumbo kubwa. Ufuta hula kidogo. Ukipika ufuta kwa kipimo cha nazi, kostiki inabaki, na ikibaki inatafuta ngozi ya mtu.

"Lakini wiki nne zimepita! Si imeshakufa hiyo?"

"Lete kipande."

Kilikuwepo kimoja cha pembeni, kilichokatika vibaya. Mama akakigusa kwa ncha ya ulimi, akaruka kama aliyeshika waya wa umeme. Binti naye akajaribu, akatema mara tatu.

"Tukienda kuitoa," akasema kwa sauti ndogo, "rafu ndiyo basi tena."

"Ndiyo basi."

"Na tusipokwenda?"

Mama alikuwa ameshavaa ndala, moja yake, moja ya binti, yuko mlangoni.

Dukani walikuta vipande hamsini na tisa.

"Kimoja amechukua mama wa kichanga, yule wa nyuma ya karakana ya mbao," mwenye duka akasema. "Kwani kuna nini?"

Mguu niponye! Mama mtu mzima alikata barabara bila kutazama kulia wala kushoto, binti nyuma yake anamwita. Akaingia ua wa watu bila hodi. Beseni la maji lilikuwa chini, mtoto yuko mapajani mwa mama yake, uchi, na sabuni imeshalowa mkononi.

"Usimpake!"

"We mama, umerukwa na akili?"

"Sabuni ni yangu. Nimekosea kuipika. Inachoma."

"Si yeye," binti akasema, anahema. "Ni mimi niliyeipika."

Yule mwanamke akafungua kiganja. Kilikuwa kimeanza kuwa chekundu. Akakiosha kwa maji mengi, halafu akawatazama wote wawili na ndala zao.

"Mmekimbia kote huko kuja kujisema wenyewe?"

Waliporudi dukani kuvichukua vile hamsini na tisa, mwenye duka hakuwa na huruma kiasi hicho. "Wiki mbili," akasema. "Rafu itakaa wazi wiki mbili, siku ya kumi na tano naweka chumvi."

Mama alitaka kuimwaga shimoni. Binti akamzuia.

"Mama, kama kostiki imekosa mafuta ya kuila, si tuiongezee mafuta?"

Akachukua penseli. Darasa la saba lilimtosha: alijua alitia kostiki kiasi gani, mama akamtajia nazi hula ngapi na ufuta ngapi, akapata iliyobaki inahitaji nazi ngapi. Mama akapima mara mbili, akapima tena. Wakazikwangua zote kama karoti, wakazipika upya kwa moto mdogo na mafuta ya nazi na maji kidogo, wakikoroga mpaka mabega yakaomba msamaha. Zikatoka na manundu. Mama alizilamba siku ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili. Hazikuchoma ulimi hata kidogo.

"Hii ni sabuni au kokoto?" mwenye duka akacheka zilipofika.

Kabla hajajibiwa, mlango ukajaa. Mama wa kichanga alikuwa mbele, mtoto mgongoni, na majirani sita nyuma yake.

"Nipe ile ya wale waliokimbia," akasema. "Na hawa nao wape. Tena bei yake ni nusu ya zile zako za maboksi."

Mpaka adhuhuri rafu ilikuwa mbao tupu. Mwenye duka akazishusha sabuni za maboksi chini kabisa, karibu na mifagio.

"Mnaweza vipande mia mbili?"

Binti akamgeukia mama yake, akingojea "labda" na "tuone kwanza."

"Tunaweza," Mama Tahadhari akasema. "Vya nazi tupu."

Binti akapiga kigelegele katikati ya duka, kichanga kikaamka.