Mihogo ya Bi Mwanaharusi

Mhogo ulipokatika mikononi mwake, Pazi aliona doa. Lilikuwa na rangi ya kutu, limekaa katikati ya weupe, dogo kama punje ya mtama. Akaukata tena kwa kisu, chini kidogo. Doa likawa mstari. Akakata mara ya tatu, na safari hii kisu kilizama bila kukwama, kama kinavyozama kwenye sabuni iliyolowa. Ndani mote mlikuwa mmeoza.

Akainua macho kuangalia majani. Majani yalikuwa mazuri. Shamba zima lilisimama kijani, limefika kifuani mwa mtu, matuta yamenyooka kama alivyoelekeza yeye mwenyewe mwaka jana. Wapita njia waliopita Mkange walizoea kusimama kulitazama.

"Mbona unachimba mapema, Bwana Shamba?"

Bi Mwanaharusi alikuwa nyuma yake, jembe begani, kanga ya kichwani ameifunga kikazi. Pazi alikwisha kuuangusha mhogo shimoni na kuufukia kwa mguu.

"Shikamoo, Bi Mwanaharusi. Nilikuwa natazama ukubwa tu."

"Marahaba, mwanangu. Umeuonaje?"

"Bado michanga. Tuiache kwanza."

Mama yule aliutazama udongo uliofukiwa, akamtazama Pazi, kisha akaenda zake upande wa pili wa shamba kupalilia mahali pasipokuwa na jani hata moja la magugu.

Pazi alikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa mvuna chumvi wa Bagamoyo. Serikali ilimpeleka chuo cha kilimo huko bara kwa miezi tisa, akarudi na kaptura ya kaki, daftari na kisu cha kukunja, na tangu hapo hata wazee walimwita Bwana Shamba. Mambo mengi ya chuoni alikwisha kuyasahau. Jambo moja alilikumbuka neno kwa neno, kwa sababu mkufunzi wao, Bwana Alawi, alilirudia kila asubuhi: usikate kipando kwenye shina ambalo hujauchimba na kuupasua mzizi wake, maana ugonjwa huu wa kuoza mizizi haujionyeshi majanini sikuzote.

Mwaka jana, Pazi alitumwa kuleta vipando vya mhogo mpya kutoka shamba moja karibu na Makurunge. Alichelewa kufika. Dereva wa lori alikuwa akipiga honi, akihofia mto utajaa wakwame ng'ambo. Pazi akayatazama majani, akayapenda, akakata. Hakuchimba hata shina moja.

Kaya thelathini na mbili zilipanda vile vipando. Na ili wavipande, ilibidi wang'oe mhogo wao wa zamani, ule mchungu, maana amri ya serikali ilisema usichanganywe na mpya. Wengi walikataa. Aliyekubali wa kwanza alikuwa Bi Mwanaharusi, na kukubali kwake kulikuwa na uzito. Kijiji kizima kilijua kwamba katika njaa ya wakati wa vita mumewe alikufa kwa kula ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, ambacho hulowekwa siku tatu ndipo kiliwe. Yeye alingoja siku moja na nusu, akashindwa. Mjane wa mtu huyo aliposhika jembe kuung'oa mhogo wake wa zamani, wengine nao wakainamisha vichwa wakang'oa.

Hadi adhuhuri Pazi alikuwa amepita mashamba matano mengine, akichimba pembeni kwa siri kama mwizi. Matatu yalikuwa yameoza. Katika shamba la Mrisho, mtu wa watoto saba, alipasua mizizi minne na yote ikawa na kutu. Mrisho alimkuta akijifuta mikono kwenye nyasi.

"Kuna jambo?" aliuliza Mrisho.

"Hakuna. Napita tu."

Hofu ya kufukuzwa kazi ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo, angeweza kuibeba. Iliyomlemea ilikuwa nyingine. Kesho Bwana Alawi angefika na wanafunzi sita wa kilimo waje kuona Mkange, kijiji cha mfano, na kila mwanafunzi angeondoka na matita ya vipando kwenda kwenye vijiji atakavyopangiwa. Matita yenyewe yalikwisha kukatwa. Yalikuwa yamepangwa kivulini, yamefungwa kwa ukindu, yanangoja lori.

Kesho yake lori lilifika saa tatu asubuhi. Bwana Alawi alishuka wa kwanza, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kufumwa, akampa Pazi mikono miwili.

"Habari zako zimefika mjini," alisema. "Nimeandika kwamba Mkange ni kazi ya mwanafunzi wangu."

Pazi alimwomba wasogee nyuma ya lori. Alimweleza kwa maneno machache, akamtolea mfukoni kipande cha mhogo alichokifunga kwenye leso. Bwana Alawi alikigeuzageuza, akakinusa. Alipokifunga tena, fundo la leso lilimshinda mara mbili.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nisikilize vizuri, Pazi. Leo usiseme. Tutawaambia wanafunzi vipando havijakomaa, tutaviacha. Nikirudi mjini nitajua pa kuanzia. Ukiyatamka haya mbele ya watu hawa, watu waliozika wafu wa njaa juzi tu, hujui watakufanya nini. Mimi mwenyewe sijui."

"Na mihogo iliyo ardhini, bwana?"

"Ingoje. Nipe miezi miwili, si mingi."

"Ikikaa miezi miwili haitabaki nyeupe hata robo. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Upande wa pili wa lori zilisikika kelele za vijana wakicheka. Mwanafunzi mmoja, Husseni, alikuwa amekwisha kupandisha tita la kwanza.

Pazi hakukumbuka baadaye alivyotoka nyuma ya lori. Alikumbuka tu kwamba alipita katikati ya wanafunzi na wanakijiji waliokuja kutazama, akaingia shambani kwa Bi Mwanaharusi, akashika shina kwa mikono miwili na kuling'oa. Mihogo mitano ilitoka na udongo wake. Akachutama, akaipasua mmoja mmoja, akaipanga juu ya tuta ili kila mtu aone.

"Vipando hivi nilivileta mimi," alisema. "Nilipaswa kuipasua mizizi kwanza, sikuipasua. Husseni, lishushe hilo tita. Kisiondoke kipando hata kimoja."

Kuku alipita kati ya matuta. Pazi alibaki amechutama, shingo imeinama, akingoja jiwe, au jembe, au sauti.

Sauti iliyokuja ilikuwa ya Bi Mwanaharusi, ya chini, kana kwamba anaongea jikoni kwake.

"Nimekuwa nikiikata tangu mwezi uliopita," alisema. "Ile myeusi naitupa chooni, nyeupe naipika. Nilidhani ni mimi. Nilidhani ni udongo wangu, au uzembe wangu, na nikisema nitapelekwa kwa Jumbe kwa kuharibu mhogo wa serikali. Jana nilikuona ukifukia. Nikasema, ameona, sasa atanisemea kwa Jumbe."

"Hata kwangu ni hivyo hivyo," alisema mwanamke mmoja, Ashura, bila kumtazama mtu.

Kisha mwingine. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amejitenga. Kila mmoja alikuwa ameficha maganda yake meusi asije akaonekana na jirani.

Mrisho alipita katikati ya watu hadi akasimama mbele ya Pazi. Alikuwa na panga, kama wanaume wote waliokuwapo, na Pazi aliliona panga kabla ya kuuona uso.

"Wanangu saba," alisema Mrisho. "Watakula nini mpaka masika?"

"Sijui."

"Hujui."

"Najua kitu kimoja tu. Tuing'oe yote sasa, leo na kesho, kabla haijaoza zaidi. Tukate palipoharibika, palipo peupe tukaushe makopa. Haitatosha. Lakini tukingoja hatutapata hata hicho."

Mrisho alitazama nyuma kuelekea nyumbani kwake, akamgeukia tena Pazi.

"Ulipotuamuru tung'oe mhogo wa zamani, nilikudanganya," alisema. "Nyuma ya choo changu kuna mashina ishirini. Kila ulipokuja nilikuwa natetemeka usije ukazunguka huko."

"Twende tukayatazame," alisema Pazi.

"Utayang'oa?"

"Tutachimba mzizi mmoja wa kila shina, tupasue. Mashina yatakayokuwa safi ndiyo mbegu. Sina mbegu nyingine."

Waliyakuta mashina kumi na moja safi. Tisa yalikwisha kuambukizwa. Bwana Alawi alivua kofia, akakunja mikono ya kanzu, akawasimamisha wanafunzi wake sita kila mmoja kwenye tuta lake na kisu. Hakuwaambia neno la somo. Jioni, kabla ya kupanda lori, alimwita Pazi.

"Unajua nitakachoandika?"

"Najua, bwana."

"Nitaandika na kosa langu," alisema Bwana Alawi, na mlango wa lori ukafungwa.

Barua ya kumwita Pazi Bagamoyo ililetwa siku ya nne na tarishi wa baiskeli. Aliisoma, akaitia mfukoni, akarudi kukaa kwenye mkeka pamoja na kina mama waliokuwa wakimenya. Mkange nzima ilikuwa nyeupe. Makopa yalianikwa kwenye mikeka, kwenye majamvi ya msikitini, juu ya mapaa ya makuti, juu ya milango iliyong'olewa na kulazwa chini. Yalihitaji jua la siku mbili zaidi. Yakilowa yangeingia ukungu, na ukungu ungemaliza kilichobaki.

Alasiri upepo uligeuka. Bi Mwanaharusi aliacha kumenya akanyoosha mgongo. Upande wa Saadani wingu lilikuwa limejikusanya, la kijivu, chini limekatika kama lililopimwa kwa kamba.

"Linakuja huku?" aliuliza Ashura.

Mmoja mmoja walisimama, Mrisho naye, na Pazi, wakaenda kwenye mikeka yao. Wakainama wakaishika pembe, wawili wawili, lakini hawakuinua bado. Walibaki hivyo, migongo imepinda, nyuso zimeelekea upande mmoja, wakisikiliza makuti yanavyoanza kuchezacheza juu ya nyumba.